Udi Umepasuka, Haujafa

Wasee, wiki hii nimegombana na nyumba nzima hapa Mishomoroni kwa sababu ya ufa. Ufa mmoja tu, mrefu kama kidole, kwenye uso wa udi wa ami yangu.

Miaka yote udi ulikaa ukutani kwa ami, dirisha wazi, unyevu wa bahari mchana na usiku, na haukufanya lolote. Mimi ndiye niliyeuharibu. Niliupeleka studio kurekodi video, nikauacha huko siku kumi, AC inanguruma bila kuzimwa. Kurudi kuuchukua, ufa huo.

Sasa kila mtu ana hukumu yake. Shangazi anasema umekufa. Jamaa wa vitu vya kale amekuja na shilingi 3,000, ati atauuzia hoteli uwe pambo. Binamu ashanitumia picha za udi mpya: "Nunua huu, hautapasuka."

Hapo nakataa. Mpya utapasuka vilevile. Ubao wa uso ni mwembamba, kama milimita 2, mbao nyepesi ya jamii ya msonobari. Hewa yetu ya Mombasa inauvimbisha. Ukiuingiza kwenye ukavu wa AC unasinyaa, lakini kwa ndani umegundishwa kwenye vijiti vya kuukaza, kama mataruma ya jahazi, na vijiti havisinyai upande ule. Mbao inataka kujikunja, imeshikwa, basi inachanika. Piano ni hivo hivo. Hata iliyofumuliwa ikatiwa ubao mpya kwa mapesa mengi, itoe kwenye unyevu uiweke kwenye ukavu ghafla, uone. Si lazima fundi awe alilipua kazi.

Na ufa peke yake si ugonjwa. Kuna piano kuukuu zina nyufa na bado zinaimba vizuri. Balaa ni ubao ukiachana na vijiti, hapo ndipo unasikia zzz ukigusa uzi. Kwa hivo gonga uso kwa ncha ya kidole, pole pole, kipande kwa kipande. Mimi niligonga. Kote safi, isipokuwa karibu na ufa: zzz. Kijiti kimoja kimeachia. Kimoja, jamani!

Seremala jirani alishafungua chupa ya gundi nyeupe na kopo la vanishi. Nikamwambia ahsante, lakini la. Gundi ya ngozi ukiipasha moto na maji inaachia, mtu wa kesho anaweza kufungua na kurekebisha. Ile nyeupe ikishaganda ni kazi, na vanishi nzito inaziba sauti.

Kinachoniuma ni sisi wenyewe. Tunapost picha za marehemu Zein l'Abdin tukilia taarabu ya Mombasa inapotea, kisha udi ukipata ufa tunauuza kwa bei ya viatu.

Kwa sasa uko chumbani kwangu, nyuzi nimezilegeza, mbali na feni. Kama unamjua fundi wa gundi ya ngozi, Kisauni, Mji wa Kale, hata Lamu, niandikie. Ami hajasema kitu. Jana aliuchukua, akagusa uzi mmoja, akaisikiliza ile zzz mpaka ikaisha, akaurudisha.