Maneno 300 ya Harvard
Mwaka 2024 Harvard Business School iliachana na insha yake moja ya maneno 900 kwa waombaji wa MBA, ikaleta tatu fupi: ya biashara maneno 300, ya uongozi na ya udadisi 250 kila moja. Stanford bado inang'ang'ania swali lake la miaka mingi: ni nini muhimu zaidi kwako, na kwa nini? Waombaji wengi humalizia wino kwenye “nini” (familia, haki, Afrika), kisha “kwa nini” huachiwa mistari miwili. Anayeandika “niliongoza timu kwa mafanikio” hajasema kitu. Anayesimulia alivyowashawishi wafugaji wa Njombe wapokee malipo ya maziwa kwa simu, na mzee gani aligoma hadi mwisho, huyo amesema. Sifa za chuo nazo, jamani, ziachwe: wasomaji wa insha wa Harvard kule Boston wanazijua.