Msipeleke Mbele

"Peleka mbele, hapo wanaongea tu." Kauli hiyo naisikia kila tunapokaa kutazama filamu ya dubwana. Safari hii ilitoka kwa mpwa wangu, sebuleni kwa dada yangu, tukiangalia Godzilla Minus One, na rimoti alikuwa nayo yeye. Wengi wanaamini kama yeye: watu wamewekwa kujaza muda, tulichokifuata ni mnyama. Imani hiyo naikataa kabisa.

Alichotaka kukiruka ni hiki. Vita vimekwisha, mwaka 1945. Shikishima, rubani aliyetumwa kufa pamoja na ndege yake akasingizia kuwa ina hitilafu, anarudi Tokyo na kukuta kwao ni kifusi. Mama jirani anamtambua, anampiga. Wanawe wameuawa na mabomu. Huyu amerudije mzima? Siku zinapita. Mama yuleyule anagundua kijana huyo na msichana Noriko wanahangaika na kichanga, Akiko, ambacho si chao. Anawaletea mchele wake, huku akifoka, wampikie mtoto uji.

Ukiruka hayo, Godzilla akiingia mtaa wa Ginza utaona majengo yakianguka, basi. Usiporuka, utakuwa unamtafuta Noriko kwenye ule umati, roho mkononi.

Watanijibu kwamba filamu hii ilipata Oscar ya madoido ya picha, si ya mazungumzo. Kweli, Machi 2024. Lakini mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, aliyafanya madoido hayo na kikosi cha watu 35, kwa fedha kidogo ukilinganisha na za Hollywood. Hakuwa na uwezo wa kumweka mnyama kwenye kioo saa mbili nzima, wala hakuhitaji. Kila anapotokea, tayari tuna mtu wa kumhofia.

Na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Ishirō Honda alitoa Godzilla ya kwanza Novemba 1954. Machi mwaka huohuo, Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni kisiwani Bikini, na majivu yake yenye sumu yakawaangukia wavuvi 23 wa Japani wakiwa chomboni. Mmoja wao alifariki Septemba. Watazamaji walikwenda sinema na habari hiyo ikiwa bado mbichi. Ndani ya filamu kuna mama amechuchumaa kando ya barabara, amewakumbatia wanawe, anawaambia kuwa karibu watamfuata baba yao. Lile vazi la mpira alilovaa mwigizaji wa Godzilla halimtishi tena hata mtoto mdogo. Yule mama mimi bado ananitisha.

Nilimnyang'anya mpwa wangu rimoti. Alinuna, kisha akanyamaza. Shikishima alipopanda ndege kwenda kumkabili Godzilla, nilidhani ataulizia mapigano. Alinigeukia, akauliza, "Mjomba, sasa Akiko amebaki na nani?"