Chuo Kikuu Chenye Jina la Mtunzi

Wako watu wanaovipima vyuo vikuu kwa umri na kwa wingi wa majumba. Mimi, kwa kuwa ni mtunzi, hutazama kwanza jina lililoandikwa mlangoni. Chuo Kikuu cha Kyiv, mji mkuu wa Ukraina, kina jina la mshairi aliyezaliwa mtwana, Taras Shevchenko, na kwangu mimi hiyo ndiyo daraja yake ya juu.

Kiliasisiwa mwaka 1834 kwa amri ya Nicholas wa Kwanza, mfalme wa Urusi. Msidhani, wasomaji wangu, kwamba yalikuwa ni mapenzi ya elimu. Wapoland walikuwa wamemwasi mwaka 1830, naye akakifunga chuo cha Vilnius mwaka 1832. Akataka Kyiv itoe vijana wa kusoma Kirusi na kumtii. Lakini mkuu wa kwanza wa chuo, Mykhailo Maksymovych, bingwa wa elimu ya mimea, alikuwa amekwisha kuchapisha nyimbo za Waukraina tangu 1827!

Shevchenko alikombolewa mwaka 1838 kwa rubli 2,500. Februari 1847 akakubaliwa chuoni awe mwalimu wa kuchora. Aprili akakamatwa. Mashairi yake ya Kiukraina yalimchoma mfalme, akampeleka uaskarini mbali na kwao, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika kwamba azuiliwe kuandika na kuchora. Miaka kumi! Naye akatunga kwa siri, katika vijitabu alivyovificha ndani ya buti. Watu wa Mombasa hawana haja ya kuelezwa hayo mara mbili: Abdilatif Abdalla alitunga “Sauti ya Dhiki” juu ya karatasi za choo, kifungoni, kati ya 1969 na 1972.

Mwaka 1876 ikatoka amri ya kukataza kuchapwa vitabu vya Kiukraina. Chuo kilivunjwa 1920, kikarejeshwa 1933, na jina la Shevchenko likaja 1939, kwa mkono wa serikali ya Kisovieti, ile ile iliyokuwa imewaua waandishi wengi wa lugha hiyo. Kwa maoni yangu, siku hizo jina lilikuwa pambo la mlango tu.

Ukraina ilijitawala mwaka 1991, na lugha ya mtunzi ndiyo inayosomesha sasa katika jengo lile jekundu la tangu miaka ya 1840. Oktoba 10, 2022, makombora ya Urusi yaliangukia jirani yake, vioo vya madirisha vikamwagika chini.