Mgongo wa Garsen Haujateguka

Ukiinama shambani ukashindwa kuinuka, hapa Garsen utapewa jibu kabla hujamaliza kueleza unapoumwa: umeteguka. Mama mkwe atasema hivyo, jirani atasema hivyo, na mwenye duka naye atatikisa kichwa kukubali. Pingili ya uti imehama mahali pake, basi atafutwe mwenye mikono airudishe. Kutoka Minjila hadi Kipini ni nadra kupata kijiji kisicho na mtu wa kazi hiyo, na mara nyingi ni mtu mwema, anayepokea kile mgonjwa alicho nacho, na asiye na kitu humkanda bure.

Sasa imani hiyo imepata mwenzake kutoka ng'ambo. Vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria kwenye njia panda ya Minjila wamenionyesha katika simu zao video za matabibu wa kairopraktiki wa Marekani. Shingo inapinduliwa ghafla, pingili zinaalika, mgonjwa anacheka kwa faraja. Chini yake pameandikwa kwamba nyumba nzima inahitaji huduma hiyo, mtoto mchanga na nyanya yake, wakiumwa wasiumwe, kwa kuwa uti ulionyooka ndio kinga ya maradhi. Kijana mmoja aliniuliza kama ni kweli inampasa aweke akiba awapeleke mkewe na watoto wake wawili Mombasa wakanyooshwe. Nilimwambia hapana. Makala haya ni maelezo ya hapana ile.

Kuteguka ni jambo la kweli. Kifundo cha mguu huteguka, bega huchomoka. Lakini pingili za kiuno zimeshikwa kwa kano nene, misuli na visahani vigumu vilivyo katikati yake. Hazihami kwa sababu umeinua ndoo, wala hazirudi kwa kusukumwa na kidole gumba. Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe pingili inaweza kuvunjika au kusogea kweli, na huyo ni wa kulazwa juu ya ubao na kupelekwa hospitali bila kupindwapindwa, maana mkono utakaomvuta ndio unaoweza kumpoozesha. Na ule mlio unaotufurahisha? Ni kiputo cha hewa kinachotokea ndani ya ute wa kiungo, sawa na unapoalisha vidole vyako. Mlio ukishapita, mifupa iko palepale ilipokuwa.

Fundisho la kairopraktiki lilianza mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. D. D. Palmer, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku ya mwilini, alisukuma pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, msafishaji wa jengo aliyekuwa hasikii vizuri, akatangaza kwamba masikio yamefunguka. Juu ya tukio hilo moja alijenga dai kubwa: kwamba magonjwa 95 katika kila 100 yanatokana na pingili zilizohama. Sasa mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni ukaingia ubongoni ndani ya fuvu. Haupiti mgongoni hata kidogo. Msingi wa jengo lote ulikuwa na ufa tangu siku ya kwanza.

Wenye kazi yao wenyewe wamelikiri hilo. Mwaka 2010 baraza linalowasimamia matabibu hao Uingereza lilitamka kwamba hakuna utafiti wa kitabibu unaoruhusu kudai kwamba pingili zilizohama ndizo chanzo cha maradhi. Huko Australia, mwaka 2019, bodi ya taaluma hiyo iliwataka matabibu inaowasimamia waache kupinda uti wa watoto walio chini ya miaka miwili. Dai lililowekewa mipaka kwao, sisi tunalipokea kwenye simu kana kwamba ni habari mpya ya uponyaji.

Sitaki nisomwe vibaya. Kukandwa kunaliwaza, na mtu aliyeshinda na jembe ana haki ya kuliwazwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliweka kukanda na kunyoosha uti miongoni mwa mambo yanayoweza kusaidia, ingawa kwa ushahidi hafifu, pamoja na mazoezi na kumfundisha mgonjwa namna ya kuishi na mwili wake. Likashauri watu waache mikanda ya kiuno, kuvutwa uti kwa uzito, na dawa kali za jamii ya afyuni. Kwa hiyo anayekandwa kiuno kwa upole akapata usingizi, simlaumu. Ninachokipinga ni kuifanya mikono ile jibu la kila kiuno, na kuiita kinga ya familia.

Nina sababu ya kusema kwa ukali. Shangazi yangu alilima mpunga tangu usichana wake. Kiuno kilipoanza kumuuma, sote tulisema ameteguka, na mimi ndiye niliyempakia kwenye pikipiki kumpeleka kwa mkandaji. Alikandwa kwa mafuta ya simsim, akakaliwa mgongoni, akavutwa miguu. Alirudi mara nyingi. Kila jioni alikuwa na homa, usiku analowa jasho, nguo zikaanza kumpwaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha homa ile na kiuno kile, kwa kuwa jibu tulikuwa nalo tayari. Miguu ilipoanza kufa ganzi ndipo alipopelekwa hospitali. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hakuwa na kikohozi hata siku moja. Vijidudu vilikuwa vimekula pingili mbili, na yale makalio ya mkandaji yalikuwa yanakandamiza mfupa uliokwisha oza. Alitumia dawa kwa miezi mingi akapona, anatembea, lakini amebaki na kibiongo. Kibiongo kile tungeweza kukizuia.

Ndiyo maana neno "umeteguka" linanitia hofu. Linafunga mlango wa maswali. Mtu akishaambiwa mfupa umehama, nani atamuuliza habari za homa? Nani atamuuliza anakunywa maziwa gani?

Swali la maziwa si dogo katika kaunti hii. Kwa ndugu zetu Waorma na Wardei, na kwa kila anayeishi na mifugo, kuna ugonjwa wa bruselosisi, ambao wengi huuita brusela tu. Unaingia kwa maziwa mabichi, na kwa mikono mitupu inayomsaidia ng'ombe au mbuzi kuzaa na kushika kondo lake. Homa huja ikaenda kwa majuma, viungo vinauma, na mara nyingi ugonjwa hukaa kiunoni, kwenye pingili na kwenye maungio ya nyonga. Mchungaji aliyetembea na ng'ombe kutoka bara hadi deltani wakati wa kiangazi akilalamika kiuno, watu husema ni safari. Huenda ni safari kweli. Huenda pia ni bakteria, na bakteria haitolewi kwa kukandwa. Inatolewa kwa dawa mbili zikitumiwa pamoja kwa majuma 6 au zaidi, na ikiwa imeingia kwenye uti, miezi 3 au zaidi. Kinga yake ni sufuria na moto: maziwa yachemke.

Hapa nina neno kwa wahudumu wa afya pia. Utafiti uliofanywa katika vituo vya afya vya Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumiwa kiliwaambia watu wengi wana brusela na kumbe hawana. Kumpa mtu dawa za majuma 6 kwa ugonjwa asio nao ni kosa la namna ileile ya mkandaji: jibu limetangulia uchunguzi.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito wote nilio nao. Pwani yetu ni nchi ya malaria tangu karne nyingi, na palipo na malaria ya kale, pana ugonjwa wa seli mundu. Mtoto anayelia usiku kwamba mifupa inamuuma, aliyevimba vidole vya mikono na miguu akiwa bado hajatembea, anayepauka na kupata manjano machoni, huyo apimwe damu. Asikandwe, asivutwe, wala asipelekwe kunyooshwa shingo na mtu yeyote, awe na kibuyu cha mafuta au cheti cha ng'ambo ukutani. Na tumbo la mjamzito lisikandwe ili kumgeuza mtoto. Kondo likibanduka, mama na mtoto wako hatarini saa hiyohiyo.

Sasa nirudi kwa wale wengi ambao hawana kifua kikuu wala brusela, ambao kiuno chao kinauma tu. Hao ni wengi duniani kote. Mwaka 2020 wote walioumwa kiuno, kwa sababu yoyote ile, walikadiriwa kuwa watu milioni 619. Kwetu si vigumu kuona chanzo. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20 na zaidi. Mama anayekwenda mtoni mara tano amebeba kilo 100 kabla hajashika jembe, tena anapanda ukingo wenye utelezi huku akiangalia mamba. Kisha anainama kupandikiza mpunga, anapalilia, anarudi na kuni, jioni anatwanga kwenye kinu. Mvua kubwa zikija, kama za mwisho wa 2023 na zile za Aprili na Mei 2024, anabeba pia nyumba: magunia, vitanda, wazee na watoto, kuelekea palipoinuka, na maji yakipungua anavirudisha. Wimbo wetu wa taifa ulichukua sauti yake kutoka kwa bembelezi ya mama wa Kipokomo. Taifa zima husimama wima linapoimba sauti ya mwanamke wa mto huu, naye mwenyewe kusimama wima kunamshinda.

Mgongo wa mwanamke huyo haujateguka. Umebebeshwa. Ukimlaza leo ukamkanda vizuri sana, kesho alfajiri mtungi unamsubiri palepale. Tukisema mfupa umehama, kosa linakuwa la mfupa, na anayepaswa kuleta bomba la maji karibu na nyumba anapona lawama. Mume mwenye pikipiki iliyoegeshwa chini ya mwembe wakati mkewe anapanda ukingo na mtungi kichwani anapona lawama. Nataka afya ya familia ya Garsen ianzie hapo, kwenye kugawana mzigo ndani ya nyumba na kudai maji kwa wawakilishi wetu kwa sauti ileile tunayodai barabara.

Najua nitakachojibiwa, na ni hoja nzito. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Hola, Malindi nako ni nauli, lakini mkandaji yuko nyumba ya tatu. Tena mkandaji anakugusa. Anakuuliza umelalaje, anajua mama yako alikuwa nani. Mara ngapi mgonjwa amefika zahanati, akasema kiuno, akapewa panadol bila hata kuambiwa ageuke aonwe mgongo? Hili ni kweli na ni aibu ya huduma yetu. Mgonjwa wa kiuno anahitaji mtu wa kumgusa, kumuuliza homa na uzito, kumpima nguvu za miguu, kisha kumfundisha mazoezi atakayoyafanya nyumbani kwake. Kazi hiyo ina wenyewe, wataalamu wa fiziotherapia, ambao Kenya imewatungia sheria yao tangu 2014. Kaunti iwapeleke hadi huku chini deltani, siku ya soko, badala ya kuwasubirisha wagonjwa wa Kipini na Ngao watafute nauli.

Na wakandaji wetu wasifukuzwe. Sheria ya Afya ya 2017 inataka pawepo utaratibu wa rufaa kutoka kwa waganga wa jadi kwenda hospitalini. Wahamasishaji wa afya ya jamii wako vijijini. Waketi na wakandaji jioni moja tu, wakubaliane kuhusu nani wa kukandwa na nani wa kutoguswa. Mkandaji anayejua kusema "huyu si wangu, mpelekeni hospitali" ataokoa uti wa watu wengi, na naamini wengi wao wangelifurahia jukumu hilo, kwa sababu hakuna anayependa kumpoozesha jirani yake.

Wewe unayesoma haya, mwangalie mtu wa nyumbani kwako anayelalamika kiuno. Kama ana homa za jioni au jasho la usiku, kama anakonda, kama maumivu hayampi nafasi hata akilala, asikandwe tena. Apelekwe hospitali juma hili. Kama miguu inalegea au inakufa ganzi, kama haja ndogo imemzuia au inamtoka bila kujua, apelekwe leo hii, usingoje kesho. Gharama ya dawa isikuzuie kuanza safari: dawa za kifua kikuu, kiwe cha mapafu au cha uti wa mgongo, hutolewa bure katika hospitali za serikali.