Mipira miwili ao minne? Neno kwa vikundi vyenye motokari ya 4x4



Juma hili tunaacha kidogo mambo ya masomo ya watoto ili tuongee juu ya mipira ya motokari. Msicheke. Siku hizi kuna vikundi vya AVEC ambavyo, badala ya kugawana pesa yote mwisho wa mwaka, vinanunua motokari, hasa RAV4 za okazi. Inabeba mihogo, samaki na vitenge, na asubuhi inabeba watoto wa shule. Motokari ni ya wamama, pesa ni ya wamama. Lakini siku ya kununua mipira, shofere na fundi wanaongea, na mama mwenye kuchunga sanduku anaitwa tu wakati wa kulipa.

Kikundi kimoja kimetuletea ulizo hili. Mipira miwili ya mbele imekwisha, ile ya nyuma ingali na maisha. Shofere anasema wanunue miwili. Fundi anasema ni lazima minne. Tofauti kati ya wawili hao ni minervali ya watoto kadhaa, na mvua za mwezi wa tisa zinakaribia. Tumfuate nani?

Tujibu pole pole, kama darasani.

Kwanza, motokari yenu ni 4x4 kweli? Si kila RAV4 ni 4x4. Nyingine zinavuta kwa magurudumu ya mbele tu, hata kama kwa nje zinafanana. Musiulize mtu, muiname na kuangalia chini. Kama kuna chuma kirefu cha duara, kile mafundi wanakiita kardani, kinachotoka mbele kwenda mpaka kati ya magurudumu ya nyuma, motokari ni ya 4x4. Kama hakipo, kwa kawaida inavuta mbele tu.

Ikiwa inavuta mbele tu, shofere ana haki: miwili inatosha. Lakini ile mipya iwekwe nyuma, na ya nyuma ije mbele. Wengi wanafanya kinyume, wakifikiri penye mashine ndipo panahitaji mpira mzuri. Wakati wa mvua, mbele ikiteleza, shofere anapunguza mwendo na motokari inamrudia. Nyuma ikiteleza, motokari inazunguka kama mtoto anayecheza, na hapo hata shofere mzuri anashindwa.

Ikiwa ni 4x4, fundi ana haki, na sababu yake si kutafuta faida. Tuifanye kwa hesabu.

Mpira wenye namba 215/70 R16, ambao unapatikana kwenye RAV4 nyingi za zamani, ukiwa mpya una urefu wa karibu milimita 707 toka chini mpaka juu. Ukizunguka mara moja unasogea karibu meta 2 na sentimeta 22. Mpira uleule ukipoteza milimita 6 za meno yake unakuwa mfupi, kwa sababu meno yamepungua juu na chini. Kwa hiyo katika kila kilometa moja unazunguka karibu mara 8 zaidi kuliko mpya. Toka Bukavu kushuka kwa Uvira ni zaidi ya kilometa 100. Mipira ya nyuma itazunguka karibu mara 800 zaidi ya ile ya mbele kabla ya kufika.

Sasa katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna kifaa kinachogawa nguvu. Kiliumbwa kuvumilia tofauti ndogo, kama pale motokari inapokata kona. Mkikipa tofauti hiyo safari yote, kila siku, mafuta yake yanapata moto na vyuma vinalika. Siku kitakapovunjika, bei ya kukitengeneza itapita bei ya mipira miwili mliyokwepa kununua. Ndiyo maana vitabu vya motokari hizo vinaagiza mipira yote minne iwe ya kipimo kimoja, aina moja na meno ya namna moja.

Je, hakuna njia ya katikati? Ipo, lakini ni nyembamba. Chukueni rula ya mtoto, muingize ndani ya mfereji wa mpira wa nyuma, mpime. Mpira mpya wa motokari ndogo una karibu milimita 8. Mafundi wengi wanakubali tofauti ya milimita 2 hivi kati ya mbele na nyuma. Kama ya nyuma ingali na 6 ao 7, mnaweza kununua miwili ya aina ileile. Kama ina 4, musijidanganye: ni minne.

Na kipimo cha mwisho ni nini? Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya kaucu. Meno yakilika mpaka yakalingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, na mpira umekufa. Kwa barabara zetu za mvua tunashauri musifike huko. Chini ya milimita 3 mpira haufukuzi tena maji vizuri. Unaelea juu yake, na freni haisaidii kitu.

Tuje sasa kwa aina ya mpira. Sokoni mtasikia maneno mengi. Mpira wa majira yote unafaa motokari inayotembea zaidi kwenye lami na mara moja moja kwenye udongo. Mara nyingi umeandikwa M+S, maana yake matope na theluji. Musiogope neno theluji. Kwetu iko tu juu kabisa ya Ruwenzori. Kinachotuhusu ni matope. Kama safari zenu nyingi ni za vijijini, kwenye udongo mwekundu, ao kama ni Goma kwenye mawe makali ya volkano, tafuteni wenye herufi A/T. Meno yake ni makubwa, na kwa kawaida unavumilia mawe zaidi. Unapiga kelele kidogo kwenye lami na kunywa mafuta zaidi kidogo, lakini unarudi nyumbani mzima. Ule wa M/T ni wa matope mazito. Kwenye lami yenye mvua unateleza, na kwa motokari ya kupeleka watoto shuleni hatuushauri.

Sikieni vizuri hapa, kwa sababu ndipo pesa za wamama zinapopotea. Katika mipira ya okazi inayotoka Ulaya na Japani mna mingi ya baridi. Inapendeza macho: meno marefu, meusi, yenye vikato vidogo vingi kama alama za kisu. Muuzaji atawaambia, angalieni, ni kama mpya. Ukweli ni kwamba kaucu yake ni laini sana, imetengenezwa kwa barabara za barafu. Kwenye joto letu inalika haraka kama kifutio cha mwanafunzi. Itambueni kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, ao, kwa ile ya Japani, neno STUDLESS. Alama ya mlima inaweza kuwekwa pia kwenye mipira kadhaa ya majira yote, kwa hiyo angalieni pia kaucu: ikiwa na vikato vyembamba kila mahali na inabonyea chini ya ukucha, iacheni.

Neno juu ya umri. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala dukani, kwa sababu ya jua na hewa. Kwenye ubavu wake tafuteni herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna namba nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Wakati mwingine namba hizo ziko upande mmoja tu, kwa hiyo geuzeni mpira. Ukipita miaka 5 unahitaji kuangaliwa na fundi kila mwaka. Ukipita 10 usitumiwe, hata kama meno yake ni mazuri. Wenye nyufa ndogo ndogo ubavuni, ao uvimbe kama jipu, musiuchukue hata kwa zawadi. Na mifereji ikionekana imechongwa upya kwa kisu na kupakwa rangi nyeusi, kimbieni: ndani yake kaucu imebaki nyembamba, na kwenye miteremko ya Ngomo hakuna nafasi ya kupasukiwa na mpira.

Okazi ao mipya, basi? Tufanye mfano, si bei ya soko, ni hesabu tu. Tuseme mpira mpya wa bei ya chini ni dola 100, minne ni 400, na inatembea kilometa 40,000. Kila kilometa 100 inawagharimu dola 1. Tuseme okazi ni dola 50, minne ni 200, na inatembea kilometa 15,000. Kila kilometa 100 ni dola 1 na senti 33. Chenye bei ndogo siku ya kununua ndicho chenye bei kubwa mwisho wa mwaka. Wekeni bei za mtaa wenu katika hesabu hiyo kabla ya kuamua. Tena, mpya wa jina lisilojulikana sana ni bora kuliko okazi wa jina kubwa wenye umri wa miaka 9.

Ikiwa sanduku halina pesa ya minne leo, tunawashauri motokari ipumzike safari za mbali mpaka pesa itimie, ifanye za karibu na kwa mwendo mdogo. Na kama mipira ya mbele imefika kwenye vile vinundu, isimame kabisa. Tunajua hilo linauma, kwa sababu motokari ikisimama hakuna kinachoingia. Lakini abiria wake ni watoto wetu.

Mkiisha kununua, muitunze idumu:

Kila kilometa 8,000 ao 10,000, fundi ahamishe mipira, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ili ilike sawasawa. Kama mpira wa akiba ni wa kipimo kile kile, uingie nao katika zamu. Hivyo kikundi kinapata faida ya mitano badala ya minne.

Upepo upimwe mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla motokari haijatembea. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa shofere. Si kile ambacho kwado anakumbuka kichwani.

Msumari ukiingia kwenye meno, kwado anaweza kuziba vizuri. Ukiingia ubavuni, mpira huo umekwisha. Musikubali auweke tena barabarani.

Na mwenye kuchunga sanduku aweke mbali kitu kidogo kila safari. Katika mfano wetu, dola 1 kwa kilometa 100 inatosha kununua minne mingine siku yake ikifika, bila kugusa minervali ya mtu.

Kwa wale walioleta ulizo, jibu letu ni hili: mwangalie kardani, mpime mipira ya nyuma kwa rula, kisha mwite shofere na fundi pamoja na mweke namba zenu mezani. Hamuombi ruhusa, mnaeleza mlichokikuta. Shofere mwema atafurahi, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kukaa mbele.

Zoezi la juma hili kwa vikundi vyote: mtume wamama wawili wenye daftari, waandike kwa kila mpira kipimo chake, namba nne za DOT na urefu wa meno. Daftari lisomwe kwenye mkutano. Mtashangaa mtakayoyakuta.

Tuonane juma lijalo.