MSOMAJI MMOJA HATOSHI

Kila itokapo karatasi hii, habari zake hufika barazani kwa sauti ya mtu mmoja. Yeye husoma, na wenziwe, vikombe vya kahawa mkononi, husikiliza, huitikia, hucheka na hukasirika. Desturi hii twaipenda, wala hatutaki iondoke. Kwayo asiyejua herufi hupata fungu lake sawa na ajuaye. Lakini leo hatuna budi kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wasomaji wetu wa barazani.

Anayesomewa yumo mikononi mwa anayesoma. Msomaji akiruka mstari, hapana wa kumrejesha. Akitia lake, hapana wa kumkanya. Tena baraza likivunjika, mwenzetu hurudi kwake peke yake. Akiletewa hati ya shamba la babake, hutia dole gumba na kuomba kheri. Haki ngapi zimepotea kwa dole hilo!

Watu wa visiwa hivi si wageni wa kalamu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua, hesabu na tenzi, zamani kabla ya skuli za Serikali ya kikoloni. Zilipokuja skuli hizo na herufi zao, mzee aliyehitimu chuoni akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Mzee huyo hafundishwi kusoma. Aonyeshwa herufi nyengine tu. Wangapi katika matawi yetu wamekaa kimya kwa haya, ilhali nusu ya njia wamekwisha kuipita?

Amma kuzijua herufi nako si mwisho wa kazi. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wilaya sita za Bara zikatakiwa kufuta ujinga wa kusoma ifikapo mwisho wa 1971. Mbili katika hizo ni visiwa kama vyetu: Mafia na Ukerewe. Walimu hawakutosha, basi aliyejua akamfundisha asiyejua. Kufikia 1986 ilihesabiwa kuwa watu wazima kiasi cha 90 katika kila 100 wajua kusoma. Sensa ya 2002 ikaonyesha kiasi cha 70 tu. Hata tukisema vipimo havikuwa sawa, sababu moja yajulikana: madarasa yalilegea, vitabu na magazeti yakaadimika vijijini, na wengi wakasahau walichojifunza. Herufi isiyotumiwa hufa kama mche usiotiwa maji.

Kwa hivyo twawataka wanachama wa kila tawi wafanye hivi. Msomaji asome kipande kimoja, kisha karatasi ampe aliye ubavuni mwake. Huyo naye asome, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni kwa kusitasita, wala mtu asimcheke. Baraza likisha, karatasi iende nyumbani, mama na watoto waisome, kwani mtoto asiyepata kumwona mzee wake akisoma hudhani kusoma ni adhabu ya skuli. Isifungiwe karanga mpaka imepita mikono yote.

Twajua kuwa hivyo baraza litakwenda pole pole. Na liende pole pole. Hatutaki wanachama wa kuitikia tu, twataka wanachama wawezao kutuambia, kidole juu ya mstari: “Hapa mmekosea.”