Daftari la Wiki: Dirisha la Kutokea

Ukienda Nairobi kwa basi kutoka Arusha, ukifika Namanga unalipita jengo la Tanzania bila kushuka. Abiria wasioijua njia huanza kuulizana: mbona hatujagongewa muhuri? Wanagongewa ng'ambo. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kenyatta, tarehe 1 Desemba 2018, anayetoka Tanzania humalizana na nchi zote mbili ndani ya jengo la Kenya, na anayetoka Kenya humalizana nazo upande wa Tanzania. Ukumbi ni mmoja: afisa wa nchi unayoiacha anakutoa, unasogea hatua chache, afisa wa nchi unayoiingia anakupokea. Wanaoikumbuka Namanga ya zamani wanajua tumetoka wapi. Ulipanga foleni huku, ukavuka na begi begani kwenye jua la Longido, wabadilisha fedha wakikuvuta mkono, kisha ukapanga foleni nyingine kule.

Barani Afrika utaratibu huu ulianzia Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 2009. Rusumo tuliupata 2016, Tunduma 2019. Nausifu kwa moyo mmoja. Muda ambao msafiri hakuupoteza juani ni mali yake.

Wiki hii, kwenye mmoja wa mipaka yetu, nilisimama nyuma ya kijana aliyekuwa anatoka nchini kwa mara ya kwanza. Pasipoti yake ilikuwa mpya, bado ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, na kila alipoitoa aliukunja ule mfuko vizuri na kuutia kwenye mfuko wa shati. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la kuingilia. Afisa akafungua kurasa, akazirudia, akamrudishia pasipoti na kumwonyesha kwa kidole alikotoka. Kijana akadhani amekataliwa. Rangi ilimtoka usoni. Nje basi linapiga honi, konda anahesabu vichwa, na yeye amesimama katikati ya ukumbi hajui aende mbele au arudi nyumbani kwao. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akamwambia, "Mwanangu, hujatolewa bado. Anza pale, kisha ndipo urudi hapa." Ilichukua chini ya dakika tano.

Kutolewa ni jambo ambalo wengi hatulipi uzito. Tunahangaikia kuingia: viza, barua ya mwaliko, pesa za kuonyesha. Kutoka tunakuona ni kuondoka tu. Lakini kwenye kumbukumbu za Uhamiaji, mtu aliyeondoka bila kugongewa bado yupo. Siku zake zinaendelea kuhesabika wakati yeye amelala kwake, na safari nyingine akija ataulizwa alikuwa wapi muda wote huo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka dirishani fungua ukurasa ule na usome. Tazama tarehe. Ukiwa unaingia, tazama na siku ulizopewa. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaruhusu raia wa nchi mwanachama akae kama mgeni hadi miezi 6, ila kinachokulinda ukiulizwa njiani ni kile kilichoandikwa kwenye pasipoti yako. Anayeona siku ni chache aseme palepale, kwa adabu, kabla hajaitwa wa nyuma yake.

*

Binti wa jirani yangu amerudi kutoka Ghuba alikokuwa akifanya kazi za ndani. Mama yake na mashangazi walikodi Noah kwenda kumpokea uwanja wa Kilimanjaro, na jioni tukaitwa kula pilau. Alikuwa amenenepa kidogo, amejifunika vizuri, anacheka na kila mtu. Nilichokiona ni mkono wake. Kila baada ya muda aliupeleka kwenye pochi ndogo aliyoivaa shingoni chini ya mtandio, akaigusa, akaendelea na mazungumzo. Alipokwenda kunawa aliivaa. Aliporudi bado ameivaa.

"Baba mdogo," aliniambia baadaye tulipokaa barazani, "pasipoti yangu niliishika siku ya kufika na siku ya kuondoka. Katikati sijaiona."

Ilichukuliwa siku ya kwanza, mlangoni, kwa maneno laini: tukutunzie isipotee. Mkataba wake ulipokwisha hakuambiwa hutaondoka. Aliambiwa subiri mwezi mtukufu upite, subiri mtoto aanze shule, subiri tupate mwingine. Hakupigwa wala hakunyimwa chakula, na hilo alilisisitiza, maana hakutaka kumsingizia mtu. Ila mlango wa kutokea haukuwa mkononi mwake.

Nchi kadhaa za Ghuba zimekataza kwa sheria mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Makatazo hayo hayafiki jikoni. Afisa wa kazi hukagua viwanda na maeneo ya ujenzi; nyumba ya mtu ina mlango na mlango una heshima yake. Ndiyo maana hata mageuzi yanapokuja, wafanyakazi wa ndani huja mwisho au hawaji. Qatar iliondoa kibali cha mwajiri cha kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, lakini wa majumbani walisubiri hadi Januari 2020, nao wakawekewa sharti la kumtaarifu mwajiri saa 72 kabla. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya wafanyakazi wa kigeni Machi 2021, wa ndani hawakuguswa kabisa. Hawa ndio wasichana wetu wa Tanga, wa Mombasa, wa Kampala, wa Bujumbura. Nimekasirika kuandika haya na sitaki kuficha.

Mzazi ambaye mwanawe yuko mbioni kwenda huko afanye haya kabla ya siku ya safari. Piga nakala ya ukurasa wa picha, ya viza na ya mkataba. Nakala zibaki nyumbani, na picha zake ziwe kwenye simu za watu wawili wasiokuwa yeye. Namba ya ubalozi wetu aijue kwa kichwa kama anavyoijua namba ya mama yake, kwa sababu simu pia huchukuliwa. Akifika, ubalozi ujue kwamba yupo, anakaa mji gani na kwa nani. Wakala akikasirika kwa kuulizwa jina kamili la mwajiri na anwani yake, safari hiyo iache.

*

Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 13, linampa kila mtu haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata yake mwenyewe, na haki ya kurudi kwao. Nimeirudia ibara hiyo wiki nzima. Inasema kutoka na kurudi, na juu ya kuingia kwa watu iko kimya. Mtu ana haki ya kuuacha mlango wa kwao wazi nyuma yake, na hakuna aliyelazimishwa kumfungulia mlango wa mbele. Ibara ya 14 inamruhusu anayekimbia mateso kutafuta hifadhi. Wengine wote wamebaki kubisha hodi.

Na hodi ina bei. Tangu Juni 2024 mtu mzima anayeomba viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen hulipa yuro 90. Akikataliwa hazirudi. Mwalimu anayetaka kwenda kumuona dada yake aliyejifungua kule Ujerumani huweka fedha hizo mezani kabla hajajua lolote, juu yake nauli ya kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Sibishi kwamba kila nchi ina haki ya kuchagua wageni. Nabisha kumtoza asiyepokelewa sawa na aliyepokelewa.

*

Tulikuwa tukipokeaje wageni pwani hii? Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi hii: merikebu ikitia nanga, vijana wa mji huiendea kwa mashua, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sinia lake na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hulala nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa sultani. Kutoka hapo akashuka Mombasa, kisha Kilwa.

Tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi. Mwenyeji alikuwa na faida yake sokoni, na mgeni hakuwa huru kuuza apendavyo. Ila mtu alijua jina la nani anampokea kabla mguu haujagusa mchanga, na siku ya kuondoka aliamuliwa na upepo: waliokuja na kaskazi walingoja kusi.

*

Mzee mmoja wa upande wa Tanzania pale Namanga alinisimulia juu ya miaka mpaka ulipofungwa, Februari 1977 hadi Novemba 1983, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Dada yake alikuwa ameolewa upande wa pili, umbali wa kutembea kabla chai haijapoa. Walizika na kuozesha kwa kupita porini usiku. Nilimuuliza kama hawakuogopa. "Tuliogopa simba zaidi ya askari," alisema, na hakuwa anatania.

*

Njia zile za porini hazikuota majani. Leo wanaozitumia zaidi ni akina mama wenye nyanya, vitunguu, mitumba, mzigo wa kujaza bodaboda moja. Nimewahi kudhani wanakwepa ushuru. Nikazungumza nao na jambo ni jingine: wengi hawajaambiwa kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa hati rahisi ya uasilia inayotolewa pale pale mpakani. Mazao bado yatakaguliwa, na hilo ni sawa. Ila mama anayepita njia ya panya akiamini anaokoa pesa huishia kumlipa mwenye pikipiki, kumlipa anayemwonyesha njia, na kumlipa yeyote atakayemkuta huko peke yake. Akidhulumiwa, hana pa kushtaki, maana kwenye vitabu vya nchi zote mbili hakuvuka.

Hati ya kusafiria nayo ni kikwazo. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda hutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka si mzigo mkubwa; kwa anayevuka kila siku ya soko ni kazi nyingine juu ya kazi yake. Kadi ya NIDA, kitambulisho chetu cha taifa, ina picha ya mtu huyu, na NIDA wana alama za vidole vyake. Sioni afisa wa mpakani anahitaji kumjua kwa lipi zaidi. Na ningeomba kila ukumbi wa mpakani uwe na kibao kimoja kikubwa, kwa Kiswahili, chenye mistari mitatu: anza hapa, kisha pale, na mzigo mdogo hati yake inatolewa dirisha lile.

*

Barua. Msomaji wa Moshi anauliza kama kadi yake ya njano ya mwaka 2009 imekwisha. Haijakwisha. Tangu 11 Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha, pamoja na vilivyotolewa kabla ya hapo, hata kama ndani kimeandikwa miaka 10. Hakuna haja ya kuchomwa tena wala kununua kingine. Wale ambao hawajachanjwa wakumbuke kwamba cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kuchanja asubuhi ya safari hakusaidii.

Mwingine, wa Mombasa, mama yake anakwenda kukaa na wajukuu Uholanzi, na amesikia pasipoti hazigongwi tena huko. Ni kweli kwamba nchi za Schengen zilianza tarehe 12 Oktoba 2025 kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya muhuri. Maana yake, hesabu inafanywa na mashine, na mashine haisahau. Kiwango cha juu ni siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, lakini mama afuate kwanza idadi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha viza yake, ambayo huwa pungufu mara nyingi. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, hata ndege ikiondoka alfajiri. Tiketi ya kurudi ikatwe ibaki akiba ya siku kadhaa, kwa ajili ya ndege iliyoahirishwa au homa ya mjukuu.